Nakala ya Pili

Mtihani ulikuwa umefika nusu wakati fundi wa kompyuta, Tufaha, aliposikia mashine inayohifadhi majibu ya wanafunzi wote ikikwaruza. Alichomeka diski ya akiba, akamkimbilia msimamizi.

“Mwalimu Kombo, niruhusu nisimamishe mtihani dakika mbili, ninakili majibu.”

“Usithubutu! Utawachanganya watoto.”

“Na yakipotea, utawaambia nini?”

Mwalimu akafuta jasho. Tufaha hakungoja. Alibonyeza kitufe, skrini zote zikaganda, majibu yakaanza kunakiliwa, minong'ono ikatanda chumbani. Muda si mrefu mashine ikakoroma, ikazimika.

Alifungua diski kwenye kompyuta nyingine na kupitia majina. Majibu ya wanafunzi hamsini na tisa yalikuwa salama. Ya wa sitini, Hidaya, hayakuwamo.

Karibu na dirisha, Hidaya alinyoosha mkono.

“Dada, tuendelee?”