Mlinzi Mmoja Hakuwatosha Pimbi

Zamani pimbi walikula wameinamisha vichwa, huku mlinzi mmoja akiwatazamia tai. Walianza na Kanga, mwepesi wa hofu. Jani likipeperuka tu, alipiga kelele, "Tai! Tai!" Pimbi wakashinda mapangoni, matumbo matupu.

Wakamfukuza, wakamweka Kobe, mzito wa kuamini. Siku hiyohiyo kivuli kilipita, Kobe akanyamaza. Tai akashuka, akamkwangua pimbi mzee, Bibi Chonge, mgongoni, naye akaponea chupuchupu.

"Mbona hukusema?" alifoka bibi.

"Nilitaka kuwa na hakika," alijibu Kobe. "Sasa ninayo."

Pimbi wakataka kumrudisha Kanga. Bibi Chonge akakataa. "Mwoga na mbishi, kila mmoja ana macho mawili tu. Tutazame sote. Mmoja wetu tu akiona tai, tuendelee kula. Wakiona wengi, tukimbie."

Kesho yake mmoja alishtuka, lakini wenzake wakaona ni jani, wakaendelea kutafuna. Jioni wengi waliona makucha, wakatoweka kufumba na kufumbua. Tai akatua juu ya gamba la Kobe, akihema kwa njaa.

"Subirini," Kobe akasema kutoka chini yake, "bado nachunguza."