Kifuniko cha Tangi

Landrova ilikohoa, ikatetemeka, ikazima katikati ya pori, mbele kidogo ya Sindeni.

"Si imetoka sevisi jana?" Ndugu Petro, ofisa wa vijiji, alimuuliza dereva.

"Jana hiyo hiyo, shemeji," Dunstan alijibu. "Hata mimi sielewi."

Petro alikunja kamba yake ya katani, akaiweka mapajani. "Haya fundi, shuka uangalie. Tukichelewa mahakamani nitaulizwa mimi."

Athuman alishuka akisugua mikono. Vidole vilikuwa na ganzi, akavikunjakunja mpaka vikakubali kushika spana.

Hakuhitaji kuhimizwa. Mwezi uliopita lori la kijiji lilizima hivi hivi siku lilipotoka sevisi, likiwa na mahindi ya watu waliohamishiwa kijiji kipya. Mvua ikayanyeshea, yakaoza, watoto wakalala njaa. Wakubwa wakasema gari halizimi bure, hiyo ni hujuma, na mtu akashikwa. Leo angehukumiwa Korogwe. Asipopatikana wa kueleza kilichozima lori lile, mkewe Zamda, aliyetangulia mahakamani tangu alfajiri, angerudi kwa watoto peke yake. Jambo hilo lilikuwa limemnyima Athuman usingizi, na sasa injini nyingine imemletea ugonjwa ule ule mkononi. Aliogopa, lakini alifurahi pia.

Alianza na filta, maana baada ya sevisi hewa hupenda kuingilia hapo. Ilikuwa imekazwa vizuri. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akapiga pampu ya mkono. Hakuona povu la hewa. Yalidondoka matone mawili ya dizeli, basi.

"Mafuta yapo?"

"Tangi limejaa," alisema Dunstan.

Athuman hakuwa mtu wa kuamini tangi kwa maneno. Alifungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuu, na dizeli kweli ilikuwa hadi juu. Alifunga, akapiga pampu, na Landrova ikawaka.

"Umeitengeneza?" Petro aliuliza.

"Sijafanya kitu, Ndugu. Hilo ndilo linalonitisha."

Petro aliitazama kamba, akatazama boneti. "Ngoja kwanza," alijisemea. "Huenda ikazima tena."

Ikazima kweli, pale mashamba ya mkonge yanapoanza na milima ya Lutindi inaonekana kwa mbali. Jua lilikuwa kali, hapakuwa na mtu wala ndege. Safari hii Athuman alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Fyuu. Akakigeuza kifuniko. Kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kilikuwa kimezibwa. Alikichokoa kwa mwiba, akanusa, akacheka kwa sauti mpaka machozi yakamtoka.

"Sabuni ya mche! Injini ikinywa mafuta, tangi linataka hewa iingie badala yake. Ukiliziba unalinyonga. Nani kaweka?"

"Mimi," alisema Dunstan bila wasiwasi. "Barabara yenyewe si unaiona? Mafuta yanaruka nje, na kuyapata ni taabu. Gari likitoka sevisi tangi limejaa, naziba. Hata lile lori, siku ile, niliz..."

Petro alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, naye Dunstan akainamisha kichwa.

"Ndugu Petro, umesikia mwenyewe!" Athuman alipaza sauti kwa furaha. "Hapakuwa na hujuma. Ni sabuni tu! Mpelekee hakimu hiki." Alinyoosha mikono yote miwili, kifuniko katika mmoja, kipande cha sabuni katika mwingine.

Petro alichukua kifuniko, akakirudisha kwenye tangi, akakikaza. Sabuni akaitupa mbali, ndani ya mkonge. Kisha akaishika mikono ile kabla haijashuka, akaifunga tena kwa kamba ya katani, pale pale ilipokuwa imeacha alama asubuhi.

"Panda, fundi," alisema. "Zamda anakungoja mahakamani."