Mchezaji Mwenza wa Shaali

Haya alinisimulia jirani yangu Mashavu Alhamisi iliyopita, tukichambua mchele. Siku hizi mashine ya michezo haiwaki bila mtandao, na mtandao ndio unaokuchagulia wa kucheza naye. Mumewe, Shaali, alipewa Tatu, mwanamke wa Mtwara. Mashavu akajifunza dhumna ili akae na mumewe, akapewa mzee wa Kigoma. Wakawa mkeka mmoja, kila mtu anacheka na wake.

Siku moja, baada ya chakula cha usiku, uvumilivu ukamwishia. Akachomoa waya.

“We Mashavu! Umemkatiza Tatu!”

“Mimi nipo hapa, Shaali. Cheza nami.” Akamwaga dhumna za mbao mkekani.

Shaali akacheza kimya kama anayekunywa dawa, jicho kwenye kioo cheusi. Mwisho Mashavu mwenyewe akaurudisha waya. Mume akacheka tena, hata usingizi ukampitia.

“Shaali?” Tatu akaita kutoka kwenye mashine.

“Amelala,” Mashavu akajibu. “Nawe kalale, huyo mume wa mtu.”

“Lala wewe, dada. Mimi silali.”

Mashavu akajinyoosha kati ya mumewe na mashine, macho kodo, mpaka usingizi ukamshinda.