Hatua Nne za Kusindikizwa

Siku hizi mlango haumfungukii mzee mpaka asimame kwa mguu mmoja, macho kafumba, sekunde ishirini. Akiyumba, anakaa ndani mwezi mzima.

Mke wangu Mwanahawa ndiye aliyenifanyisha mazoezi jikoni, kila asubuhi. "Kaza tumbo, baba Shemsa. Usingezurura sana ujanani, magoti yangekuwepo."

Leo nilifika ishirini, mlango ukafunguka. Yeye akayumba kwenye tisa, akanishika bega.

"Nenda," akasema. "Ukibaki na wewe, unga nani atanunua?"

Miaka arobaini, kila nikiondoka hunisindikiza hadi njia panda. Leo alinisindikiza hatua nne, akaishia kizingitini. Mlango ukajifunga. Nikiwa nje nikamsikia anaanza tena kuhesabu, moja, mbili, ingawa mwezi ndio kwanza umeandama.