Bastola Isichomoke

Athuman alirukuu katikati ya kibanda cha fundi Luka, akainuka, kisha akashuka mpaka paji la uso likagusa vipande vya ngozi vilivyotapakaa sakafuni. Haikuwa saa ya swala, wala hakuelekea kibla. Alikuwa anajaribu ala ya bastola, ule mfuko wa ngozi unaofichwa kiunoni chini ya shati.

"Imechomoka tena," Luka alisema, akiokota kipimo chake chini.

Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa umbo la bastola na kupakwa kiwi nyeusi ya viatu. Athuman alipokiona mara ya kwanza moyo ulimpiga paa! Rafuni vilipangwa vingine kama hicho. Alipouliza ni vya nini, Luka alijibu, "Vipimo, mzee wangu," akamkonyeza. Athuman hakujua anakonyezewa nini, ila kwa adabu naye akakonyeza.

Masikini, mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Ijumaa iliyopita msikitini, alipokwenda sujudu, bastola ilimponyoka ikateleza juu ya zulia hadi kwenye goti la rafiki yake Twaibu. Athuman aliwahi kuifunika kwa kofia. Twaibu, ambaye naye hutembea na bastola, alimaliza swala amefumba macho huku jasho likimchuruzika na midomo ikimtetemeka. Athuman alimwonea wivu kwa unyenyekevu ule.

Baada ya swala alimuuliza ni fundi gani alimshonea ala yake. Twaibu akasema fundi huyo alishahamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tena hana simu. Basi Athuman akaulizia mwenyewe mjini, akamkuta Luka hapahapa Tunduma, nyuma ya stendi, anakula chipsi.

Na kazi ilikuwa ya haraka. Kesho yake Athuman, Twaibu na rafiki yao Abdul walikuwa wanakwenda mnadani Mbangala kununua ng'ombe, na njia ile ina mapori yenye sifa mbaya. Athuman alikuwa mwoga, tena hakuona sababu ya kuficha; kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliomba kibali cha silaha kwa sababu ya aibu tu, baada ya wenzake wawili kuanza kupita sokoni mashati yamewatuna kiunoni na vijana wakiwapisha njia. Alihangaika na ofisi mpaka soli za viatu zikaisha. Akafundishwa kulenga, akalenga huku amegeuza uso.

Faraja yake ilikuwa moja. Wakivamiwa, Twaibu na Abdul wapo, na silaha zao zipo. Yeye yake itulie ilipo, isije ikaanguka ndani ya gari ikamtoboa mtu mguu, au ikadondoka mnadani katikati ya kwato akaishia mahakamani kueleza ilikopotelea.

"Mimi nakushauri uchukue kama za wenzako," Luka alisema. Alishusha ala nene yenye vifungo viwili, kamba ya kuzungusha na kifuniko cha juu. "Hii hata upinduke na lori, haitoki. Mzee Abdul anayo mwaka wa pili sasa."

"Na akitaka kuichomoa?"

Luka alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Hajawahi kulalamika."

"Mimi nataka isianguke, lakini nikiitaka iitike. Weka kifungo kimoja hapa, kidole gumba kikibonyeza tu, itoke. Halafu ngozi ishuke mpaka ifunike kifyatulio, kisikwaruzwe na kitu."

"Ee, mzee! Mchagua jembe si mkulima."

"Wewe shona tu, fundi."

Luka alishona. Aliilowesha ngozi, akaikandamiza juu ya kipimo mpaka ikashika umbo, akaikausha juu ya jiko la mkaa, akagonga kifungo. Mwanamke mmoja aliyeleta kiatu cha kuziba alisimama mlangoni, akamwona mzee mzima mwenye kanzu yake kwenye mfuko wa rambo akirukaruka kama mtoto aliyepewa soda. Akaondoka na kiatu chake.

Athuman alirukuu. Ikashika. Akasujudu, akajitikisa, akacheza kidogo mduara wa harusini. Ikashika. Akabonyeza kwa kidole gumba, na kipande cha mti kikamjia mkononi bila ubishi. Machozi yalimlengalenga kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa aliiwaza safari ya Mbangala bila hofu.

"Mwenyezi Mungu akubariki, fundi. Sasa ngoja nijaribu na yangu."

"Yako?" Luka aliuliza.

Athuman alijigeuzia ukutani, akafungua mkoba wake, akaitoa bastola, akachomoa magazini ya risasi na kukagua chemba kama alivyofundishwa. Kisha akaiweka juu ya meza. Meza ikalia ngo!

Luka aliitazama. Akanyoosha kidole kimoja polepole, akaigusa, akakuta baridi ya chuma. Kufumba na kufumbua alikuwa chini ya meza, mikono miwili tu ikionekana, imeinuliwa juu.

"Vipi tena, fundi? Haina risasi."

"Mzee wangu," sauti ya Luka ilitoka kule chini, ikitetemeka, "kumbe wewe una ya kweli? Mbona ya Mzee Twaibu na ya Mzee Abdul niliwachongea mimi!"