Pande la Papa

Bi Mwanate alimpakulia mkwewe pande nono la papa, kama alivyomlisha katika mimba ya kwanza, ya Riziki.

"Kula, mwanangu. Mimba haitaki mchicha."

Saumu aliisukuma sahani. "Mama, daktari kanikataza. Papa ana zebaki. Ni sumu, humharibu mtoto tumboni."

"Daktari wako kalelewa kwa maziwa ya kopo!" Bi Mwanate alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na Riziki je?"

Saumu aligeuka kumtazama mwanawe.

Mkekani, Riziki, mwenye miaka mitano, alifinyanga tonge. Mkono ulitetemeka, wali ukamwagika tena kifuani.

Bi Mwanate aliivuta sahani kwake. Pande lile nono akalila lote, macho yakiwa kwenye mkono wa mjukuu wake.