Boga Lililojiotea

Daktari aligusisha ncha ya ulimi kwenye kipande cha boga, akatema papo hapo kwenye sinki. Akasukutua, akatema tena, machozi yakimlengalenga.

"Mama, mumeo hiki alikilaje?"

Mama huyo, mpishi wa kiwandani, alichukua kipande kingine kwenye bakuli alilokuja nalo, akatafuna taratibu kama anavyoonja kila siku kabla ya kupakua. Chumvi ilikuwepo, kitunguu kilikuwepo.

"Mbona kitamu tu?"

"Tema!" Daktari akamkingia kiganja. "Ulimi una vipokezi vingi vya uchungu, kila kimoja na sumu zake kinazozijua. Nadhani wewe umezaliwa na kimoja kibovu. Boga hili lilitoka wapi?"

"Lilijiotea lenyewe, nyuma ya nyumba."

"Mengine ya hivyo huwa na sumu. Mtu mwingine angetema tonge la kwanza."

Jana mumewe aliweka kijiko chini. "Mke wangu, leo boga chungu."

"Uchungu uko mdomoni mwako. Miaka ishirini nalisha kiwanda kizima, nani amewahi kunirudishia sahani?"

Mpishi mwenyewe hakula, alikuwa ameshiba huko huko kazini. Mumewe akacheka. "Haya, mpishi habishiwi." Akamaliza sahani, akaongeza ya pili ili mke asinune.

Mpishi aliinuka, akashika pazia la kitanda alicholazwa mumewe. Alitaka kumwambia mwenzake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, kwamba mume ndiye aliyekuwa sahihi.

Muuguzi alikuwa anatoka upande wa pili wa pazia, anavua glavu.

"Kaa kwanza, mama," akasema.